Mtoto Mmoja Anayehesabiwa Watatu na Nusu

Haya ndiyo niliyowaambia wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa Winooski, jimbo la Vermont, Jumamosi ya mwisho kabla ya kura ya bajeti ya shule. Waliokuwa zamu kazini, na waliozuiwa na theluji, wameomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, hamjambo? Asalaam aleikum kwa ndugu zetu mliotoka kusali, na Bwana asifiwe kwa tutakaosali kesho. Vijana mliojibana pale mlangoni, nawaona. Mlango hautakimbia, sogeeni mbele.

Wengi mnaniita Mwalimu, na wengine mmesahau kwa nini. Nilifundisha hesabu Nyarugusu, kule Kigoma, kambini. Hapa sifundishi, usiku nasukuma toroli la usafi hospitalini. Lakini ugonjwa wa namba haujanitoka. Wenzangu wakiona karatasi za punguzo la bei wanazikimbilia, mimi nikiona bajeti ya shule naibeba nyumbani, naisoma nikisubiri nguo zikauke. Mume wangu anasema nimelogwa.

Leo sikuleta kompyuta, wala picha za kuangaza ukutani. Nimeleta kopo la maharage. Hili hapa. Lishikeni akilini, tutalifikia.

Naanza na swali. Kambini, nani hapa aliwahi kukosa siku ya kuhesabiwa? Nyoosheni mikono. (Hakuna aliyenyoosha.) Mnaona? Hakuna! Mama mwenye homa alikwenda. Bibi asiyeweza kutembea alibebwa mgongoni. Baba aliyekwenda kuvunja kuni alirudi usiku kwa usiku. Kwa nini? Kwa sababu kichwa kisichohesabiwa hakina unga. Hilo tulilijua bila kufundishwa na mtu.

Sasa mbona tumefika huku tumelisahau?

Huku hesabu haiji na gunia. Inakuja na karatasi, iko kwenye begi la mtoto, imekunjwa na kulowa maziwa. Tunaitoa, tunaiweka juu ya friji. Inakaa hapo mpaka Krismasi.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe, mnicheke kisha tuendelee. Hatukufikia hapa Vermont. Tulianzia jimbo lingine, mji ambao sitautaja. Wiki ya kwanza nikapewa fomu ya kumwandikisha binti yangu shule, alikuwa na miaka 9. Fomu inauliza: mtoto alijifunza lugha gani kwanza? Nyumbani mnazungumza lugha gani? Nikaichukua kalamu. Nikafikiri, wakijua hajui Kiingereza watamrudisha na watoto wa chekechea, atadhalilika. Nikaandika Kiingereza. Swali la pili, Kiingereza. La tatu, Kiingereza. Mwandiko mzuri kabisa, wa ualimu.

Mtoto wangu lugha yake ya kwanza ni Kibembe. Ya pili Kiswahili. Ya tatu Kifaransa cha darasani. Kiingereza alikuwa anajua “good morning”, na hiyo aliisema hata jioni.

Basi akakaa darasani. Hakuna aliyempima lugha, kwa sababu mama yake aliandika kwamba hana haja ya kupimwa. Hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyekuja kukaa naye. Taarifa zikarudi nyumbani: mtoto mpole, mtulivu, hana matatizo. Mimi nafurahi! Mpaka siku moja, tunakunja nguo, akaniambia, “Mama, wenzangu wakicheka na mimi nacheka.” Nikamuuliza wanacheka nini. Akasema, “Sijui. Naangalia midomo yao.”

Miezi saba mtoto wangu alikuwa anaangalia midomo. Sikumlaumu mtu. Kalamu niliishika mimi.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililokuja kusema ni hili: andikeni ukweli. Mkiulizwa lugha ya nyumbani, andikeni lugha ya nyumbani. Kibembe, andika Kibembe. Kirundi, andika Kirundi. Na nyie ndugu zangu Wabantu wa Somalia ambao bibi zenu bado wanazungumza Kizigua, lugha ya Handeni, iliyovuka bahari zaidi ya mara moja na haijafa, msione haya kuiandika.

Maana mji huu haujaanza kupokea wageni juzi. Jina lenyewe Winooski ni la Waabenaki, wenyeji wa asili, nalo linatokana na vitunguu pori vya kando ya mto. Kisha wakaja Wakanada wanaosema Kifaransa kufanya kazi kwenye viwanda vya sufu. Watoto wao nao waliingia darasani na Kifaransa mdomoni. Kiwanda cha sufu kikafungwa mwaka 1954, mji ukayumba miaka mingi. (Uliyumba mpaka, karibu na mwaka 1980 mafuta yalipopanda bei, viongozi wakataka kujenga kuba kubwa la kuufunika mji mzima usipoteze joto. Sitanii. Waliomba hela serikali kuu. Kila mwezi wa Januari nawaelewa.) Baadaye Wavietnam, Wabosnia, Wabantu wa Somalia, Wabhutani wanaosema Kinepali, kisha sisi wa Kongo na Burundi.

Sensa ya 2020 ilikuta watu 7,997. Ukitoka na ugali wa moto upande huu unaufikisha upande wa pili bado una moshi. Watoto wa shule hawafiki 900, chekechea mpaka sekondari, wote kwenye uwanja mmoja wa mtaa wa Normand. Wilaya nzima ya shule, yenye bodi yake, mkuu wake na bajeti yake, ni ndogo kuliko shule moja ya msingi ya kambini. Na karibu mtoto mmoja katika kila watatu bado anajifunza Kiingereza. Katika jimbo ambalo watu wake wengi ni weupe na wanazeeka, ambalo idadi ya wanafunzi imeshuka kutoka zaidi ya 100,000 hadi chini ya 90,000, hapa barazani pa shule unasikia lugha karibu 20. Mtoto wa Kinepali anajua kutukana kwa Kiswahili. Nani alimfundisha? Sitaki kujua.

Tuingie kwenye jambo linalouma. Alama.

Mmewahi kuambiwa kazini, “Aa, watoto wako wanasoma Winooski? Shule ile alama zake ziko chini.” Mmeambiwa, hamjaambiwa? (Watu: Tumeambiwa.) Unafika nyumbani, unaanza kufikiria kuhamia mji wa pili, kodi ya nyumba juu mara moja na nusu.

Sitafunika jambo kwa kawa. Ukilinganisha na wastani wa jimbo, kwenye mitihani ya kusoma na ya hesabu tuko chini. Hiyo ni kweli na iko wazi kwa kila mtu. Lakini mwalimu wa hesabu akiona namba haulizi tu ni ngapi. Anauliza: imepatikanaje?

Kundi la watoto wanaojifunza Kiingereza linawekwa mule nani? Asiyejua Kiingereza. Akishakijua, anafaulu kipimo cha lugha, na baada ya muda anaondoka kundini. Anaingia mwingine aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita. Halafu kila mwaka wanapima kundi lile lile na kushangaa: mbona hawa Kiingereza chao kiko chini! Ni kama kwenda wodini, kila anayepona anaruhusiwa, halafu unasema hospitali hii mbovu, wote niliowakuta vitandani ni wagonjwa.

Na udogo wetu nao una mambo yake. Darasa la watoto 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Wawili wakiamka na mafua siku ya mtihani, asilimia 10 imeyumba. Mwaka ujao wakiamka wazima, gazeti linaandika maendeleo makubwa. Shule ya watoto 2,000 haiyumbi hivyo.

Mtoto wa dada yangu alifika hapa na miaka 15. Wakamwingiza darasa la tisa. Watafiti wa lugha wanasema Kiingereza cha kuchezea mpira mtoto anakipata mwaka mmoja au miwili, ila Kiingereza cha kuandika insha ya historia kinaweza kumchukua miaka mitano, saba, hata zaidi. Yule kijana alipewa minne. Hesabu alikuwa anawashinda wote, lakini swali la hesabu huku limeandikwa kama hadithi: fulani ana treni, fulani ana tufaha. Alikuwa anatafuta namba ndani ya hadithi kama mtu anayechambua mchele. Akamaliza kwa miaka mitano. Sasa anasomea uuguzi, na mwanangu wa mwisho anamwita Daktari bila kuulizwa.

Mnajua kwenye ile asilimia ya wanaohitimu kwa miaka minne, yule kijana ni nani? Ni sifuri. Yumo kundi moja na aliyeacha shule. Jimbo linatoa pia hesabu ya miaka sita, na huko ndiko anakoonekana. Lakini kazini kwako watu wanataja ipi? Ya minne.

Sasa msitoke hapa mkasema Mwalimu kasema alama si kitu. Sijasema hivyo! Wapo watoto waliozaliwa hapa, au waliofika wakiwa mgongoni, leo wako darasa la nane na bado hawasomi sawasawa. Huyo hana kisingizio cha ndege. Huyo ni wa kumuuliza mwalimu, na kujiuliza mwenyewe. Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, watoto wanaojifunza Kiingereza wanapimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, ngazi 1 mpaka 6. Matokeo yanakuja nyumbani. Nani ameyasoma ya mwaka jana? (Kimya.) Juu ya friji. Basi yashusheni. Mkienda kumwona mwalimu msiulize shule ni ya ngapi jimboni. Ulizeni: mwanangu alikuwa ngazi ya 2, leo yuko ngapi? Kuandika kumekwama wapi? Mwombeni mkalimani, ni haki yenu, msimtume mtoto atafsiri kesi yake mwenyewe. Mtoto akitafsiri, kila siku anafanya vizuri! (Vicheko.)

Haya. Kopo.

Naomba meza hiyo isogee. Wewe kijana, njoo unisaidie, mimina hapa. Hesabu punje kumi. Kila punje ni mtoto. Sasa watatu kati ya hawa kumi, wasogeze pembeni, hawa wanajifunza Kiingereza. Kumfundisha mtoto anayejua lugha na kumfundisha asiyeijua, gharama ni sawa? (Watu: Hapana.) Unahitaji mwalimu wa ziada, mkalimani, mtu wa kupiga simu nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Hilo hata serikali ya Vermont ililijua zamani. Ikasema, basi huyu mtoto tumwongezee uzito kwenye hesabu. Wakamwongezea kiasi gani? 0.20. Yaani sehemu moja ya tano ya punje. Kijana, chukua punje moja uikate vipande vitano. Jaribu. Hiki kisu. (Punje iliruka ikaangukia miguuni kwa Mzee.) Mnaona? Hata kukatika inakataa. Hicho kipande ndicho watoto wetu waliongezewa miaka na miaka. Mtoto wa familia yenye kipato kidogo aliongezewa 0.25, robo punje.

Mwishoni mwa 2019 wataalamu wa chuo kikuu cha Vermont na wenzao wakatoa ripoti waliyotumwa na bunge. Walikuta uzito ule wa zamani haukuwa na mshiko wowote wa maana kwenye gharama halisi. Wilaya zikaungana kudai, na hapa ndipo penye utamu: hatukuwa peke yetu. Zilikuwemo wilaya za vijijini huko milimani, ambako mtoto mweusi hawajamwona, lakini umaskini wanaujua kama sisi. Mwaka 2022 ikapita sheria, namba 127. Ikaanza kutumika Julai 2024. Mtoto wa kipato kidogo sasa anaongezewa 1.03. Na mtoto anayejifunza Kiingereza anaongezewa… kijana, weka punje mbili, halafu weka nyingine nusu. 2.49!

Jumlisha na punje yake mwenyewe. 3.49. Mtoto mmoja anahesabiwa watatu na nusu. Na kama ni yeye huyo huyo na kipato cha nyumbani ni kidogo, anafika 4.52. Mama, yule mtoto wako anayekuchosha asubuhi kuvaa buti za theluji, kwenye daftari la Montpelier, makao makuu ya jimbo, ni watoto wanne na nusu. Si ajabu anachosha.

Lakini sikilizeni, hapa wengi wanakosea. Uzito si hundi. Hakuna anayeiletea shule bahasha kwa sababu ya mtoto wako. Inafanyaje kazi? Vermont, tangu mahakama kuu ya jimbo ilipoamua kesi ya Brigham mwaka 1997, mji tajiri hauruhusiwi kula peke yake. Kodi za elimu zinaingia kwenye chungu kimoja cha jimbo. Kila wilaya inapika bajeti yake, wapiga kura wanaikubali au wanaikataa, chungu kinalipa. Na kiwango cha kodi ya mji kinatokana na nini? Jimbo haliulizi sufuria yako ni kubwa kiasi gani. Linauliza, ukigawa, kila punje imepata kiasi gani? Punje ikipata nyingi, kodi ya mji inapanda.

Chukueni miji miwili ya kubuni. Kila mmoja una watoto 100 na bajeti ya dola 2,000,000. Mji wa kwanza hauna mgeni hata mmoja: gawanya, dola 20,000 kwa punje. Mji wa pili una watoto 30 wanaojifunza Kiingereza. Kwa uzito wa zamani, punje zinakuwa 106, kila moja inapata 18,868. Nafuu kiduchu. Kwa uzito mpya, punje 174.7, kila moja inapata 11,448. Bajeti ni ile ile, watoto ni wale wale, lakini mji ule sasa unaweza kuongeza walimu na kodi yake isiguse dari.

Kwa hiyo mzazi anayeandika Kiingereza mara tatu kwa mwandiko mzuri, kama mimi, anafanya nini? Anachukua punje mbili na nusu za mwanawe anazitupa nje dirishani. Na kuna fomu nyingine mnayoidharau, ile ya kipato. Mnasema, chakula cha shule ni bure kwa wote, sheria ya 2023, fomu ya nini? Chakula ni bure, ndiyo. Lakini ile fomu ni moja ya njia za kujua nani abebe ile 1.03. Wengine, wenye kadi ya msaada wa chakula, huonekana kwenye daftari wenyewe. Baba anayefanya kazi mbili na bado hazitoshi haonekani. Mpaka ajaze.

Mtu ataniambia, Mwalimu, mimi sina nyumba, kodi inanihusu nini? Kiswahili chetu kimezipa jina moja, kodi ya serikali na kodi ya nyumba, na lugha haikukosea. Mwenye nyumba akipandishiwa ile, wewe atakupandishia hii.

Nisiwadanganye kwamba kila mtu aliifurahia sheria ile. Machi 2024, karibu theluthi moja ya bajeti za shule Vermont zilikataliwa na wapiga kura. Bima za afya za wafanyakazi zilikuwa zimepaa, hela za serikali kuu za wakati wa korona zilikuwa zimekwisha, na kipengele kimoja cha kupunguza makali ya kodi kiliwafanya watu wapandishe bajeti mpaka bunge likakifuta wiki chache tu kabla ya kura. Lakini wapo waliosikika wakisema, ni wale watoto wazito. Nilikuwa kwenye foleni ya duka nikasikia kwa masikio yangu. Nikataka kutoa maharage mfukoni! Sikuwa nayo.

Na mzani unaweza kurudi nyuma. Januari 2025 kupokea wakimbizi kulisimamishwa nchi nzima. Watoto tulio nao wanakua, wanafaulu lugha, wanatoka kwenye uzito, kama inavyotakiwa. Wapya hawaji kama zamani. Punje zikipungua na mishahara ya walimu ikabaki pale pale, mgao unafanyaje? Unapanda. Mtaiona kwenye bajeti, msishangae, na msimlaumu mtu kabla hamjapiga hesabu.

La mwisho, kisha tule.

Mwaka 2019 mji huu ulipiga kura kukopa dola milioni 57.8 kuijenga shule upya. Lile jengo mnalolisifia, lenye ule ukumbi wa kuvutia, ndilo hilo. Sisi tusio raia hatukuwa na kura. Waliolipitisha ni raia, na wamo wazee ambao watoto wao walimaliza shule zamani na wajukuu wako Florida. Kuna bibi mmoja mtaani kwetu, jina lake la ukoo la Kifaransa, anatembea na kigongo. Nilimuuliza kwa nini alikubali deni lisilomhusu. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea kujumlisha moja na moja. Akasema, “Watoto wanapita mbele ya nyumba yangu kila siku.” Akaendelea kumwaga chumvi kwenye barafu ya ngazi zake.

Siku hizi mambo ni tofauti. Novemba 2020 wapiga kura wa Winooski walikubali kwamba mkazi halali asiye raia apige kura za mji na za shule. Gavana akakataa kutia sahihi, na Juni 2021 bunge la jimbo likaipitisha bila yeye. Mwenye green card, kadi ya ukazi wa kudumu, unaweza. Mkimbizi uliyepokelewa kihalali, unaweza. Lakini nisikilizeni vizuri, hili nitalisema mara tatu. Kura ya mji na shule tu. Si ya gavana, si ya rais. Kura ya mji na shule tu! Asiye raia ana orodha yake kwa karani wa mji. Usijiandikishe kwenye orodha ya jimbo, hata mtu wa heri akikuletea fomu mlangoni. Kura ya mji na shule tu. Ukikosea hapo, unaweza kujiharibia uraia na hata kukaa kwako nchini.

Wapo wanaoogopa jina lao kuandikwa popote, siku hizi. Siwacheki. Wilmer Chavarria, mzaliwa wa Nicaragua aliyeshika uongozi wa shule zetu mwaka 2023, ni raia wa Marekani, na bado Julai 2025 alizuiwa saa kadhaa uwanja wa ndege wa Houston akitoka kuona ndugu zake. Kama kesi yako ya makaratasi ina mkunjo, zungumza na mwanasheria kwanza, usinisikilize mimi mwenye maharage. Ila mtoto asikose shule kwa hofu. Tangu 1982 mahakama kuu ya nchi ilisema mtoto anasoma shule ya umma bila kujali hati zake, na bodi yetu Februari 2025 ilipitisha sera ya kuwalinda wanafunzi na familia hapo shuleni.

Na mjue kuna upepo mwingine. Sheria ya 2025 inataka wilaya za shule za Vermont, zilizo zaidi ya 100, ziunganishwe ziwe kubwa, kadiri inavyowezekana za watoto 4,000 mpaka 8,000. Sisi hatufiki 900. Tutakuwa kikombe ndani ya pipa. Huenda kuna faida, sibishi, wilaya ndogo nayo ina gharama zake, mkuu mmoja kwa watoto wachache. Lakini hii kura ya mgeni imeandikwa kwenye katiba ya mji huu. Burlington, hapo ng'ambo ya mto, walipata ya kwao 2023. Miji mingi ya jirani haina. Wilaya ikiwa ya miji saba, kura yako itasimama wapi? Na mkalimani aliyeko hapa kwa sababu thuluthi ya watoto wanamhitaji, atabaki pale ambapo ni mmoja kwa ishirini? Mbunge akija kuomba kura kwa wenye uraia, muulizeni hayo. Mwacheni ajibu mpaka mwisho. Msimpigie makofi mapema.

Jumanne hii ndiyo kura. Mwenye zamu ya mchana aende asubuhi, mwenye zamu ya usiku asilale kabla hajaenda. Nimesoma bajeti yote, anayetaka tuipitie ukurasa kwa ukurasa nipo hapa mpaka saa mbili usiku. Fomu za kipato ziko kwenye ile meza ya pembeni, kalamu zipo, na mabinti wawili wamekaa pale kuwasaidia kuandika. Atakayeandika Kiingereza nitamwona.

Wewe kijana, zikusanye hizo punje zote zirudi koponi, pamoja na ile ya miguuni kwa Mzee. Ni za kesho jioni.